UZI: "Vijana wetu watarudi lini kutoka Somalia?"

Kila msimu wa uchaguzi swali hili halikosi kwenye mdahalo. Mwendeshaji analitoa usiku umeenda, watu wameanza kupiga miayo. Mgombea mmoja anasema, "Nitawarudisha vijana wetu nyumbani ndani ya siku 100." Makofi. Mwenzake anasema, "Hatuwezi kukimbia magaidi." Makofi pia. Halafu tunahamia bei ya unga.

Leo tulikalie kidogo.

Kwa wageni: mimi nasomea sayansi ya siasa, mwaka wa tatu. Huu uzi hautaji mwanasiasa wala chama. Wiki jana tulimaliza deni la taifa na mkanitukana vizuri tu, asanteni. Ukitaja jina la mtu kwa maoni nafuta, hata kama ni yule unayempenda.

Niseme mapema pia kwamba hili jambo silijadili na moyo baridi. Nimelelewa Eldoret. Tarehe 15 Januari 2016, siku kambi ya El Adde ilipovamiwa, nilikuwa darasa la sita. Wengi wa wanajeshi waliokuwa El Adde walitoka Moi Barracks, hapo kwetu. Kuna msichana tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja, babake alikuwa mwanajeshi. Wiki mbili hakuja shule. Mwalimu akatuambia akirudi tusimuulize kitu. Alirudi, hatukumuuliza, na mwisho wa muhula wakahama.

Serikali haijawahi kutoa idadi kamili ya waliokufa siku ile. Makadirio ya nje yanapita 140. Hiyo idadi isiyotajwa nitairudia, iwekeni kando.

Tuanze na tulivyoingia, kwa sababu huwezi kujua kama kazi imeisha kama hujui ilikuwa kazi gani.

Mwaka 2011 wageni walitekwa pwani ya Lamu, halafu Oktoba wafanyakazi wa misaada wakachukuliwa Dadaab. Siku chache baadaye KDF ikavuka mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi, na serikali ikasema inatumia haki ya kujilinda iliyo kwenye Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lengo lilikuwa rahisi kulieleza hata kwa kibanda cha chai: wasukume Al-Shabaab mbali na mpaka wetu.

Desemba 2011 Bunge likaidhinisha KDF ijiunge na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Februari 2012 Baraza la Usalama likaongeza kiwango cha kikosi hicho hadi watu 17,731, sisi tukiwa ndani. Mwisho wa Septemba mwaka huohuo KDF ikaingia Kismayu.

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Kazi ya kwanza ilikuwa kulinda mpaka. Kazi ya AMISOM ni kuisaidia serikali ya Somalia isimame yenyewe. Ya kwanza unaweza kuipima: je, wanavuka au hawavuki? Ya pili inategemea siasa za nchi ya watu, uchaguzi wao, koo zao, mvutano wa Mogadishu na majimbo. Mwanajeshi wa kutoka Nandi hata awe hodari namna gani hawezi kuwapatanisha wanasiasa wa Mogadishu na wa Kismayu.

Kwa hiyo lengo lilihama, na hakuna aliyesimama kututangazia kwamba tarehe ya kurudi imehama nalo. Mgombea akikuambia "tutatoka kazi ikiisha", muulize kazi gani kati ya hizo mbili.

Sasa, nani ana mamlaka ya kuwarudisha?

Katiba, Ibara ya 240(8), inasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje kwa kazi za kulinda amani, Bunge likiidhinisha. Kuwatoa je? Kifungu hicho kiko kimya. Kwenda kuna mlango wenye mlinzi, kurudi hakuna hata mlango. Matokeo yake ni kwamba Bunge halina siku maalum ya kukaa na kuuliza: bado tunahitajika? Tunasikia habari za KDF wakati wa bajeti na wakati wa mazishi.

Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, kwa hivyo yule wa siku 100 hadanganyi kabisa. Anaweza kutoa amri. Na tumeshaona inavyoweza kwenda mbio. Mwishoni mwa 2016 Umoja wa Mataifa ulimfuta kazi kamanda Mkenya wa kikosi chao cha Sudan Kusini, baada ya machafuko ya Juba. Kenya ikakasirika na kusema inaondoa vijana wake wote, na wakaanza kuondoka. Mwaka uliofuata tukakubali kurudi. Kwa hiyo wale wanaosema kuondoka lazima kuchukue miaka waulizeni mbona wakati wa hasira ilichukua siku.

Kuna upande wa pili wa hilo. Novemba 2022 tulituma wanajeshi mashariki mwa Congo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinshasa ikaona hawafanyi kile ilichotaka, ikakataa kuongeza muda, na Desemba 2023 kikosi kikafunga virago. Mwenye nyumba alisema inatosha. Kwa Somalia vilevile: hata sisi tukitaka kukaa, Mogadishu ikisema tokeni, tunatoka. Sijasikia mgombea akiulizwa atafanya nini hilo likitokea.

Twende kwa hoja zenyewe zinazorushwa jukwaani.

"Tulishambuliwa kwa sababu tuliingia Somalia." Westgate, Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148. DusitD2, Januari 2019, watu 21. Al-Shabaab wenyewe baada ya Westgate walisema wanalipiza kisasi. Na Uganda, iliyokuwa na wanajeshi Somalia tangu 2007, ilipigwa Kampala Julai 2010 watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo uhusiano upo, anayeukataa anajidanganya. Lakini kutoka "tulipigwa kwa sababu tuliingia" hadi "tukitoka hatutapigwa" kuna mto mpana, na wengi wanauruka bila kuangalia chini. Kundi ambalo limeshajenga mitandao ya kuandikisha vijana na njia za kupitisha silaha humu ndani halivunji hayo yote siku lori la mwisho likivuka Liboi. Utekaji wa 2011, tena, ulitokea kabla hatujavuka.

"Tukiondoka sasa, damu ya waliokufa itakuwa imemwagika bure." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa masikio, na ndiyo naiogopa zaidi. Nina mjomba aliyenunua matatu kuukuu. Kila mwezi ikaharibika: leo gia, kesho injini, keshokutwa askari wa barabarani. Kila tukimwambia auze anasema, "Na hizi laki nne nimeweka?" Akaweka laki ya tano. Pesa iliyokwisha kuingia hairudi, ukiuza au usipouza. Swali lake halisi lilikuwa kama shilingi inayofuata italeta kitu.

Najua mtu si injini. Sitamwendea yule msichana wa dawati letu nimwambie babake ni hesabu iliyopita. Lakini kumtuma baba wa mtoto mwingine ili kifo cha wa kwanza kipate maana, hapo mnanipata? Mwanajeshi wa kesho anastahili sababu yake mwenyewe.

Na hapa ndipo naturudisha kwa ile idadi. Huwezi kuamua kama bei imezidi ikiwa hujaambiwa bei. El Adde hatukuambiwa. Kulbiyow, Januari 2017, jeshi lilisema hivi na Al-Shabaab wakasema vile, idadi mbali kabisa. Mamlaka husema kutaja idadi ni kumpa adui ushindi. Kwa wiki ya kwanza, sawa, nakubali, familia lazima ziambiwe kwanza. Baada ya miaka kumi? Adui alikuwepo, anajua alichofanya. Asiyejua ni mpiga kura.

"Ukitaja tarehe umempa adui kalenda." Wanaosema hivi wanatumia Afghanistan, na mfano ni wa kweli. Februari 2020 Marekani ilitia sahihi na Taliban kule Doha kwamba itaondoka kufikia Mei 2021. Tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Agosti. Kabul ikaanguka tarehe 15 Agosti, Wamarekani bado wako uwanja wa ndege. Taliban hawakuhitaji kushinda vita vikubwa. Walihitaji kungoja, na kuwapigia simu makamanda wa wilaya mmoja mmoja kuwauliza: wenzako wanaondoka, wewe unakufa kwa ajili ya nani?

Lakini angalia Somalia uone ubaya wa tarehe isiyo na meno. AMISOM ilianza 2007 na idhini ya miezi sita. Miezi sita, jamani! Ikaishi miaka 15. Aprili 2022 ikabadilishwa jina kuwa ATMIS, na mpango ukaandikwa wa kupunguza wanajeshi kwa awamu mpaka wote watoke Desemba 2024. Awamu ya kwanza ilienda sawa. Agosti 2023 jeshi la Somalia likapata kipigo kibaya Osweyne, katikati mwa nchi, na mwezi uliofuata serikali yao ikaomba tusimamishe kuondoka kwa miezi mitatu. Tarehe 27 Desemba 2024, siku nne kabla ya mwisho, Baraza la Usalama likaidhinisha AUSSOM. Jina la tatu. KDF bado wako.

Simlaumu Msomali aliyeomba miezi mitatu. Mji ukiachwa leo, Al-Shabaab wanaingia jioni, hilo si propaganda. Waethiopia walipoondoka Baidoa Januari 2009, mji ulianguka mara moja. Mwaka 2016 wakaacha miji kadhaa na ikachukuliwa hata kabla vumbi la malori halijatua. Watu waliokuwa wamefanya kazi na wanajeshi hao, mpishi, mkalimani, mzee wa mtaa aliyekubali kupiga nao picha, hao ndio hulipa kwanza. Kwenye midahalo yetu hatuwataji kabisa.

Ninachosema ni hiki: tarehe bila masharti inamfurahisha adui, na masharti bila tarehe yanamfurahisha kila mtu mwingine anayekula hapo katikati. Na wanaokula wapo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walidai zaidi ya mara moja kwamba biashara ya makaa ya Kismayu, iliyopigwa marufuku 2012, iliendelea huku wanajeshi wetu wakihusika. Jeshi likakana. Mimi si hakimu, lakini vita virefu huota biashara, na biashara haipendi kuondoka.

Sasa pesa, mahali ambapo naona tumelala kabisa.

Watu hudhani serikali inayolindwa na majeshi ya kigeni huanguka majeshi yakiondoka. Angalia Wasovieti. Walitoka Afghanistan Februari 1989. Kila mtu alitabiri serikali waliyoiacha Kabul itadumu miezi. Ikadumu miaka mitatu, mpaka Aprili 1992. Kilichobadilika katikati ni kwamba Muungano wa Sovieti ulivunjika, na mafuta, ngano, silaha na pesa vikakatika. Majeshi yalikuwa yameondoka kitambo. Serikali ilikufa mkoba ulipofungwa.

Rudisha hilo Somalia. Marupurupu ya wanajeshi wa AMISOM kwa miaka mingi yalilipwa na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 Ulaya ikapunguza asilimia 20, na Burundi na wengine wakaanza kutishia kuondoka. AUSSOM nayo ilianza Januari 2025 bila chanzo cha fedha cha kutegemewa. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba siku ya sisi kutoka haitaamuliwa na Bunge letu, wala Mogadishu, wala huyo mgombea wa siku 100. Itaamuliwa na ofisa wa bajeti mahali fulani Brussels au Washington anayehitaji kufunga pengo. Tutatoka kwa haraka, bila mpango, tukiita ushindi.

Kwangu mimi hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote. Mbaya kuliko kukaa, mbaya kuliko kutoka mwaka jana.

Halafu kuna Wakenya ambao swali hili kwao si la mdahalo. Mtu wa Mandera, Wajir, Garissa, Lamu. Anayeendesha basi, anayeishi karibu na mlingoti wa simu uliolipuliwa mara ngapi sijui, mwalimu aliyetoka bara akahamishwa baada ya mashambulizi na darasa likabaki bila mtu. Hao miaka yote hii wamepigwa, KDF ikiwa ng'ambo ya mpaka. Ukiwauliza, utapata majibu mawili yanayopingana, na yote yana akili. Mmoja atakuambia: bila KDF kule mbele, hapa pangekuwa Kismayu ya 2010. Mwingine: waleteni walinde barabara yetu, kwani mpaka uko huku.

Huyo wa pili amegusa kitu. "Kurudi nyumbani" inasikika kama mwanajeshi anashuka kwenye basi Eldoret, mtoto anamkimbilia. Kusema kweli wengi watarudi hadi mpakani na kukaa humohumo, kwenye kambi za Liboi, El Wak, Kiunga. Mpaka wetu na Somalia ni karibu kilomita 700, sehemu kubwa ni nyika tupu. Kuulinda kutoka upande wetu kunahitaji watu, magari, barabara, na polisi ambao wananchi wa huko wanaweza kuwaambia jambo bila kuogopa kwamba wao ndio watakamatwa. Hilo la mwisho ndilo gumu, na halinunuliwi.

Kwa hiyo mgombea akisimama, iwe wa kutoka au wa kukaa, mimi ningetaka aseme nani atashika Kismayu na Dhobley siku sisi hatupo, na kama amewauliza hao watu. Ningetaka aseme pesa za jeshi la Somalia zitatoka wapi mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu baada yetu. Aseme ni dalili gani ingemfanya abadili mawazo, kwa sababu mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kumbadilisha hajafikiri, amechagua rangi ya fulana. Na aseme kama atafungua faili la El Adde.

Mtaniuliza msimamo wangu, huwa mnauliza. Naegemea kutoka, kwa awamu, tukianzia kambi za ndani kabisa na kumalizia za karibu na mpaka, huku Bunge likiletewa ripoti kila miezi sita na kupiga kura ya kuendelea au kusimama. Wanajeshi wa Somalia wawe wameshika kambi kwa muda kabla hatujaondoka, tukiwa karibu, tuone kama wanalala humo au wanakimbia usiku. Ikishindikana kambi moja, tusimame hapo, tusirudi mwanzo. Naijua kasoro ya mpango wangu: kila kusimama ni mlango wa kukaa miaka mingine kumi. Ndiyo maana nataka kura iwe ya hadharani, mbunge aitwe kwa jina, na kwao wajue alisema nini.

Mwalimu wangu mmoja, tulipojadili hili darasani, alinipinga. Alisema Bunge ambalo halijawahi kusumbuka kuuliza idadi ya maiti halitasumbuka kusoma ripoti. Sikuwa na jibu zuri. Bado sina.

Uzi ujao: kwa nini kila mgombea anaahidi kufufua viwanda vya sukari na nini hasa kilivimaliza. Maswali ya leo yaacheni hapa chini, nitaanza kuyajibu jioni nikitoka darasani. Kama una mtu KDF, tafadhali usiandike yuko kambi gani.